Mbuzi Aliyeliwa Bila Kuulizwa

Kibwezi,
8 Machi 1992

Kaka Nzioka,

Vaa miwani kwanza, nakungoja. Umeshavaa? Haya, hujambo. Mama watoto hajambo? Na shangazi Kavata na magoti yake? Sisi huku tunapumua. Mvua imenyesha siku moja ikajuta. Serikali imetukata kutoka Machakos, sasa tunaambiwa sisi ni wilaya ya Makueni. Nililala Machakos nikaamka Makueni, na sikuhamisha hata kijiko.

Hoteli inaenda. Madereva wa malori wanakula isyo yangu ya mahindi na maharagwe na chapati zangu kana kwamba Mombasa hakuna chakula. Kabichi kutoka Nunguni zimepanda bei, lakini hilo si la kukuandikia.

La kukuandikia ni hili. Jirani yangu Ubah, yule Msomali mwenye duka la vitambaa na sukari, aliyekupimia shuka ukiwa huku akakuongezea mita nzima, amekuja kwangu juzi na uso mrefu. Sio njaa, ingawa wamefunga Ramadhani. Madereva wamemletea maneno kwamba Bwana Kisilu wenu, huyo anayetaka kwenda bungeni, anasema akishinda mpaka utafungwa na wageni wote watarudishwa ng'ambo ya Mto Tana. Watu wa huku wanayapenda maneno hayo, wameanza kuyarudia sokoni. Ndugu yake Ubah aliye Garissa amemwambia afunge duka ahamie kwake na watu wake wote kabla moto haujawaka. Watu wake ni huyo mpwa wake tu, Roble, anayenunua mbuzi wa kupeleka Mombasa. Roble amezaliwa hapa hapa Kibwezi. Akianza kubishana bei kwa Kikamba, wazee wanasahau wanabishana na nani.

Sasa niambie wewe uliye karibu na Bwana Kisilu. Amesema nini hasa? Na atamjuaje mgeni? Atamwangalia pua? Atamuuliza anasali siku gani? Nimeulizwa nikakosa jibu, na unanijua, nikikosa jibu hata ugali hauivi vizuri kwenye sufuria.

Mtoto wetu Syombua hajambo. Ana kazi nyingi tu.

Ni mimi dada yako,
Ndila


Kanyangi,
2 Aprili 1992

Kwa Ndila dada yangu,

Neema na amani ziwe nawe, na wateja wako, na sufuria zako. Sisi tu wazima. Shangazi Kavata anasema magoti yamepona, sasa ni kiuno. Kunde zimeota. Kanisani tumepata mabati ya upande mmoja, upande wa pili tunamwachia Bwana.

Umeniuliza habari za Bwana Kisilu, na umemuuliza mtu sahihi, kwa maana nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati yake hapa Kanyangi. Ndiyo, mimi. Usicheke.

Dada, wewe uko kando ya barabara ya lami, unaona magari. Huoni ngamia. Unamkumbuka Muthoki, binti ya mjomba, aliyeolewa kule Mutha? Mwezi wa kwanza ngamia wa Wasomali waliingia shamba lake wakala mtama, wakala kunde, wakala hata ua wa miiba. Shemeji alipokwenda kisimani kuuliza, alionyeshwa bunduki. Jirani yao mmoja alikwenda kuuliza kwenye kisima hicho hicho akabebwa kurudi nyumbani maiti. Nilikwenda kumzika. Nimeona watoto wake. Basi Bwana Kisilu anaposema mpaka ulindwe, askari wawekwe kwenye visima, na kila asiye wa hapa arudi alikotoka, mimi sioni ubaya. Kule Somalia serikali imeanguka na bunduki zinatembea zenyewe.

Wewe unauliza habari za pua. Mgeni anajulikana, Ndila. Fisi haulizwi kama yeye ni mbuzi.

Mwezi wa sita Bwana Kisilu atakuja kula nyumbani kwangu na wazee wake. Unajua mkono mtupu haulambwi, na zizi langu tangu ukame ni miti tu. Ukiwa na njia usinisahau.

Halafu jambo moja. Syombua amenyamaza. Mtoto huyo ulimzalia hapa nyumbani kwa baba yetu, na tangu akiwa na meno mawili anajua baba yake ni mimi. Kila mwisho wa mwezi alikuwa ananiandikia wimbo gani kwaya inajifunza. Tangu Januari, kimya. Kwani huko Kibwezi wino umekwisha?

Kaka yako,
Nzioka, Mwenyekiti


Kibwezi,
17 Mei 1992

Kaka Mwenyekiti,

Salamu kwa wote, na pole nyingi kwa Muthoki. Hilo ni baya, na aliyelifanya afungwe mpaka azeeke. Lakini yule wa bunduki kisimani, na huyu anayenikopesha sukari unga ukiisha, Bwana Kisilu ana macho ya kuwatenganisha? Hukunijibu. Habari ya fisi nimeisoma, na tangu siku hiyo namwangalia Ubah sana. Mpaka leo miguu yake inavimba jioni kama yangu.

Naandika haraka. Lori la Muli limeondoka asubuhi kabla sijamaliza hata mstari mmoja, kwa hivyo mbuzi wametangulia na barua inafuata kwa posta. Wako watatu, dume mmoja na majike wawili. Nisikilize vizuri. USICHINJE. Si wangu. Wana mwenyewe, na mwezi wa nane nitakuja naye hapo nyumbani, tuketi, tuzungumze kama watu, ndipo kisu kitoke. Usiniulize kwa barua ni nini. Wape maji tu.

Syombua anakusalimu. Atakuandikia.

Ndila


Kanyangi,
20 Juni 1992

Dada yangu mpenzi,

Wewe ni mtu! Watu wanasema dada akishakwenda kukaa mbali husahau kwao, nami nawaambia hawamjui Ndila. Sijapata barua yako yoyote tangu Aprili, lakini mbuzi hawahitaji barua. Muli aliwashusha langoni akasema, "Dada yako amesema hawa ni wa kwako," akaondoka. Nikasema, Mungu anajibu maombi mpaka yenye pembe.

Bwana Kisilu alikuja Jumamosi. Dume tulimchinja asubuhi. Mnyama yule, Ndila! Mafuta mpaka kwenye figo. Bwana Kisilu ni mtu mpole, alikuwa mwalimu mkuu, anakula polepole na kuuliza mambo. Alimaliza figo mbili akafuta mdomo akasema, "Mwenyekiti, nyumba inayofuga mbuzi kama huyu haiwezi kukosa baraka." Wazee kumi na wawili wakapiga makofi. Shangazi Kavata alipewa ini akalala bila kulalamikia kiuno, na hilo pekee ni muujiza. Tuliongea habari za mpaka hadi jua likashuka. Alisema nchi isiyojua nani yuko ndani ni kama boma lisilo na lango. Nililipenda neno hilo, nimelitumia kanisani.

Sasa kuna kitu kinanisumbua, na ni kidogo tu. Mtu akituma mbuzi wa nyama hutuma madume. Wewe umetuma dume mmoja na majike wawili, wote safi, hakuna kilema hata mmoja, hakuna sikio lililopasuka. Jioni nakaa kwenye kigoda nawaangalia hao majike wawili, nao wananiangalia. Watatu. Kwa nini watatu? Niambie tu nipumzike.

Nzioka


Kanyangi,
1 Julai 1992

Ndila,

Barua yako ya Mei imefika leo. Karani wa posta anasema ilikwenda Kisii.

Mwenyewe ni nani?

Nzioka


Kibwezi,
19 Julai 1992

Kaka,

Nimesoma barua zako zote mbili mfululizo nikakaa chini kwenye gunia la mkaa nikiwa na leso yangu nyeupe. Nilitaka kulia, kikatoka kicheko. Ulimpa Bwana Kisilu figo! Zote mbili!

Basi kaa kwenye kigoda chako nikuambie. Wale mbuzi walikuwa mbuzi wa ntheo. Wewe mwenyewe ulishaanza kuhesabu ukaogopa kufika mwisho. Watatu, dume na majike wawili, ambao Mkamba asipowaleta kwa baba wa msichana hajaoa hata akizaa watoto kumi. Wameletwa kwa ajili ya Syombua. Na aliyewaleta ni Roble.

Pumua.

Shehe aliwasomea ndoa mwezi wa pili, kwa dini ya kijana. Syombua hakukuandikia kwa sababu hajui kukudanganya, na mimi nilimwambia anyamaze mpaka nipate maneno. Sikuyapata. Jumapili bado anaimba kwaya, hilo usiulize. Nilimwambia Roble, si mmeshaoana, inatosha? Akasema, "Mama, huko kwetu nimemwoa. Kwenu bado naishi na mtoto wa mtu." Akazunguka mnadani wiki tatu akitafuta mbuzi wasio na kilema. Mtu anayenunua mbuzi mia kwa siku, Nzioka, wiki tatu kwa watatu tu. Ilikuwa wangoje tuje mwezi wa nane, aje asimame mbele yako aombe kwa mdomo wake, ukatae au ukubali. Wewe ukatoa kisu.

Sasa sikiliza ninaloogopa. Yule ndugu wa Garissa anawaita kila wiki. Ubah ameanza kukunja vitambaa. Roble amesema anangoja neno lako tu. Ukimkubali, yeye ni mtu wa hapa na hatoki Kibwezi hata Bwana Kisilu akipiga tarumbeta. Usipomkubali, ataondoka, na Syombua ameshasema atamfuata mume wake. Nina mtoto mmoja. Garissa si hapo Makindu.

Mbuzi ameshaliwa. Sema neno.

Ndila


Kanyangi,
13 Septemba 1992

Ndila,

Tu wazima. Sikukuandikia Agosti kwa sababu ningeandika, ungeichoma barua, na ungefanya vizuri.

Nilikasirika. Nimekasirika mpaka mama watoto akahamishia sahani yangu upande wa pili wa meza. Sio kwa sababu ya Roble, simjui. Ni kwamba mtoto niliyembeba mgongoni kwenda kliniki ameolewa na mimi nikajulishwa na mbuzi.

Hasira ilipopungua nikapeleka jambo kwa shangazi Kavata, kwa maana ndiye aliyebaki wa kuuliza mambo haya. Nikamwambia, shangazi, mbuzi ameliwa bila kujulikana ni wa nini. Si tunaweza kurudisha mwingine kama yule, tuseme ilikuwa makosa? Alinicheka na yale meno yake mawili. Akasema, "Mbuzi wa ntheo akishapita kooni hatuulizi koo lilijua nini. Mimi nimekula ini. Wewe umekula. Hata huyo mkubwa wenu na tai yake amekula, na ni shahidi. Msichana ameolewa." Kisha akaniuliza kama huyo Msomali ana shamba. Nikasema sijui. Akasema, "Kwa nini hujui? Unajua ngamia wangapi wako Mutha na hujui mume wa mtoto wako?"

Kwa hivyo nimekubali moyoni. Nakuambia wewe. Lakini siwezi kulisema hapa sasa hivi. Uchaguzi wanasema ni Desemba. Ndugu za yule aliyeuawa Mutha wako kwenye kamati, wananiheshimu. Nikisimama leo niseme mkwe wangu ni Msomali, sitajua nitakaa wapi. Waambie wangoje Januari. Januari nitachinja mwenyewe, tena kwa kujua.

Anaonekanaje huyo kijana? Ni mrefu? Anasikia utani?

Nzioka


Kibwezi,
11 Oktoba 1992

Kaka,

Ni mrefu, anagonga kichwa kwenye mlango wa jikoni kwangu kila siku na kila siku anashangaa. Utani anasikia. Nilipomweleza ulivyompa Bwana Kisilu figo, alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Basi mheshimiwa ni upande wetu, hajui tu."

Lakini alipomaliza kucheka aliuliza, "Baba amesema nini?" Nikamwambia, amesema mngoje Januari. Januari ni mbali kwa mtu anayefunga mizigo. Wiki iliyopita askari walipita sokoni wakikagua vitambulisho. Mimi hawakuniuliza. Roble alitoa chake, wakamwambia hicho ni kimoja, toa na kile kingine, kwa maana Wasomali siku hizi wanabeba kadi mbili, ya pili ya kuonyesha wamehakikiwa ni Wakenya. Akatoa. Alikuwa amesimama kati yangu na Syombua, na ni yeye peke yake aliyezaliwa hapa Kibwezi.

Syombua ana mimba. Mtoto ni wa mwezi wa pili au wa tatu.

Sikuombi ugombane na kamati yako. Nakuomba jambo moja dogo nililokuomba tangu Machi. Muulize Bwana Kisilu mbele ya watu, mgeni atamjuaje? Akijibu, mimi nitajua la kuwaambia. Kama wewe huna hamu ya kujua jibu, mimi ninayo, na inaniwasha.

Ndila


Kanyangi,
6 Desemba 1992

Ndila,

Nimeuliza.

Mkutano ulikuwa jana, hapa sokoni, watu mpaka juu ya miti. Nilifungua kwa sala. Halafu nikasema kwenye kipaza sauti, "Bwana Kisilu, kuna mtu ameniuliza tangu mwezi wa tatu na nimeshindwa kumjibu. Umesema wageni wataondoka. Mgeni utamjuaje?" Nikarudi kwenye kiti changu.

Yule si mjinga. Akasema, "Mwenyekiti ameuliza swali zuri. Mgeni si pua, wala si dini. Mgeni ni yule ambaye hapa hana mtu wa kusimama akasema: huyu ni wetu, namjua, akikosa niulizeni mimi. Mwenye mtu wa kusema hivyo, mimi simgusi." Watu wakashangilia. Nami nikashangilia, kwa maana ni jibu, Ndila, ni jibu hasa, sikulitegemea. Nilifurahi, nikafikiria nitakavyokuandikia.

Halafu akacheka akasema, "Kuna mwenye mtu wake hapa? Asimame tumwone."

Mstari wa mbele walikuwa wameketi wale ndugu wa Mutha, mmoja amevaa koti la marehemu. Nililitambua koti.

Niliangalia viatu vyangu. Hakuna aliyesimama. Bwana Kisilu akaendelea na habari za bei ya pamba.

Mwambie Roble jibu la Bwana Kisilu. Hilo lingine usimwambie. Januari nitasimama, nakuapia.

Nzioka


Kibwezi,
9 Januari 1993

Kaka,

Heri ya mwaka mpya. Nasikia Bwana Kisilu ameshinda. Hongera.

Barua yako imefika juzi. Ubah, Roble na Syombua waliondoka wiki mbili kabla ya Krismasi. Kuna mtu aliandika kwa chaki kwenye mlango wa duka la Ubah, NG'AMBO YA TANA, kwa herufi nzuri za mtu aliyesoma. Ubah akaleta maji na kitambaa akafuta, akaendelea kuuza sukari mpaka jioni. Kesho yake maneno yalikuwa pale tena. Nilimwambia Roble, vumilia, baba amesema Januari. Akasema, "Mama, mlango umeandikwa leo."

Syombua aliniachia sare yake ya kwaya. Nimeitundika jikoni, inanuka vitunguu sasa.

Jibu la Bwana Kisilu ni zuri. Nimelisoma mara nyingi. Sijui nimpelekee nani.

Wako Garissa, nyuma ya soko la mifugo, waulizie Ubah wa Kibwezi. Mimi mguu umevimba siwezi kusafiri, na kama ningeweza si mimi niliyepelekewa mbuzi.

Ndila


Garissa,
28 Machi 1993

Dada yangu Ndila,

Umeona mahali ilipoandikiwa barua hii? Soma tena.

Nilikata shauri siku nilipoiweka barua yako kwenye Biblia na ikawa kila nikifungua inaangukia mapajani. Nikangoja mfungo wao uishe, nikamuaga shangazi Kavata, nikapanda basi la kutoka Mwingi, la kusindikizwa na askari, kwa maana barabara hii ina wenyewe, wenye bunduki. Watu wote ndani ya basi walikuwa wakijuana. Mimi nilikaa na kikapu cha mbaazi magotini.

Kabla ya daraja la Tana kuna kizuizi. Tukashushwa. Kila mtu akatoa kitambulisho. Mimi natia mkono mfukoni, hamna. Ndila, nilikuwa nimekiacha kwenye koti la kanisani! Askari alikuwa kijana, mwenye adabu. Akasema, "Mzee, unatoka wapi?" Nikasema Kanyangi, Kitui. Akasema, "Nitajuaje?" Nikamwambia, si unanisikia ninavyoongea? Mimi ni Mkamba. Akasema, "Mzee, hata hawa wanaongea Kikamba siku hizi." Nikataja chifu wangu. Hamjui. Nikamtajia Bwana Kisilu, nikasema nilikuwa mwenyekiti wake. Akasema wabunge wako wengi. Nilimwonyesha mbaazi! Basi likaondoka na wengine. Akaniambia, bila ubaya, ni kazi yake, "Kaa hapo kivulini. Kuna mtu yeyote ng'ambo anayekujua?"

Nilikuwa sijawahi kumwona Roble hata kwa picha. Nikasema yuko mmoja, lakini hajawahi kuniona.

Dereva wa basi alikuwa amepeleka habari sokoni kwamba kuna mzee Mkamba amekwama kizuizini na kikapu. Nikamwona kijana akija darajani kwa miguu, mrefu, anatembea haraka, na nyuma yake Ubah na miguu yake ile, anapiga kelele kutoka mbali. Roble akanisalimu kwanza, kwa Kikamba safi, akainamisha kichwa. Halafu akasimama mbele ya askari akatoa kadi zake mbili bila kuulizwa. Akasema, "Huyu ni wetu. Namjua. Akikosa niulize mimi."

Nani alimfundisha maneno hayo, Ndila? Wewe ulimwandikia? Au hayakufundishwa?

Nililia pale pale, mtu mzima, mzee wa kanisa, mbele ya askari wa serikali. Ubah akanipa pembe ya shuka yake nifute uso.

Syombua amejifungua salama. Ni msichana. Wamemwita Ebla, jina la mama yake Roble, kwa sababu Syombua alisema kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya wa upande wa baba, na huku hawakuwa na neno. Amechukua paji lako la uso, masikini. Syombua aliponiona alisema, "Baba, umekonda," kana kwamba nilitoka jana. Hakuna aliyeniuliza habari za Desemba. Nilimwambia Roble mimi mwenyewe, yote, mpaka lile koti. Alisikiliza akasema kwamba koti la marehemu ni zito.

Bado nasema mpaka ulindwe. Waliomwua jirani wa Muthoki wako mahali wanakunywa chai. Nimemwambia Roble hivyo, naye akasema hata wao huku wanawaogopa hao hao. Hilo sikulijua. Kumbe kuna mengi sikuyauliza. Nikirudi nitakwenda kwa Bwana Kisilu, mbele ya kamati na wale wa Mutha, nimweleze alikula figo za nani. Sijui watanifanya nini. Nimemwomba Roble aje kwenye mvua za Oktoba nisimame naye, na amesema atafikiria. Ana haki ya kufikiria. Wale majike wawili wapo, mmoja amezaa mapacha, sijauza hata kwato.

Jana walinichinjia mbuzi. Sinia likaletwa, watu wakanawa, wakaningoja mimi nianze. Figo ziliwekwa upande wangu. Nikarudisha mkono nyuma nikasema, "Samahani. Kabla sijala, huyu mbuzi ni wa nini?"

Syombua alicheka mpaka mtoto akaamka. Ubah akapiga paja lake. Roble peke yake hakucheka mara moja, aliniangalia, halafu akasema, "Ni wa kula tu, baba."

Nikala.

Kaka yako,
Nzioka